Meno Mawili Ukingoni

Mama yangu hakunituma manukato wala viatu. Asubuhi ya safari alitoka chumbani na kitu kilichofungwa kwenye taulo, akakiweka mezani mbele ya kikombe changu cha chai.

"Watu wakienda ng'ambo huleta zawadi," alisema. "Mimi niletee jina la baba yako."

Ndani ya taulo ilikuwamo kamera ya marehemu baba.

"Mama, nzito hii."

"Wewe nilikubeba miezi tisa, na hukuwa unyoya. Beba."

Meza yetu ya jikoni ina mguu mmoja mfupi, na chini ya mguu huo tumeweka kitabu kinene cha picha. Jalada lake linaonyesha mwanamke aliyesimama kwenye maji ya mafuriko yanayomfika kiunoni, cherehani kichwani, anacheka mpaka magego yanaonekana. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima. Imo kwenye kalenda, imo kwenye vitabu vya shule. Hata mimi niliwahi kuulizwa swali juu yake kwenye mtihani. Baba yangu ndiye aliyeipiga na mama yangu ndiye aliyeiosha, lakini jina lililo chini yake ni la mtu mwingine.

Wakati huo baba alikuwa mmoja wa wapiga picha watatu wa studio moja, na mama alifanya kazi kwenye chumba cha giza. Filamu za wote watatu zilioshwa pamoja na kuanikwa kwenye kamba moja, na mama alichoka kuulizwa ipi ya nani. Basi baba akachukua tupa ndogo, akafungua kamera yake kwa nyuma, akachonga mapengo mawili kwenye ukingo wa kile kidirisha ambacho filamu hukalia. Tangu siku hiyo kila picha ya kamera ile ikatoka na meno mawili madogo kwenye ukingo wa chini, upande wa kulia. Wateja hawakuyaona kamwe, kwa sababu ukingo hukatwa.

"Wenzangu walipewa maua," mama hupenda kusema. "Mimi nilipewa meno."

Mwenye studio alikuwa na mwanawe wa kiume, aliyekaa mbele kupokea wateja. Kijana mtanashati, shati jeupe siku zote. Chumba cha giza hakuingia, alisema dawa zitamtia madoa. Studio ilipofungwa, yeye ndiye aliyebeba masanduku ya filamu. Miaka michache baadaye picha ya mafuriko ikashinda tuzo, na jina lilikuwa lake. Baba alikwenda ofisini kwake, akakaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi adhuhuri. Alirudi na kile kitabu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maandishi ya kalamu: "Kwa rafiki wa zamani."

"Alisema nina ushahidi gani," baba alituambia, kisha akaenda kuoga. Ushahidi ulikuwa kwenye ukingo wa filamu, na filamu zilikuwa kwa yule kijana. Hakulizungumzia tena mpaka alipofariki.

Mama alikichukua kitabu, akaipima meza kwa macho, akakisukumiza chini ya mguu ule. Meza ikatulia. Yeye hakutulia.

Nilipomaliza chuo nilipata kazi ya ukatibu kwenye chama cha wapiga picha wa zamani. Wazee kumi na mmoja, na juu yao mlezi wa chama. Mlezi huyo ndiye yule yule mwana wa mwenye studio. Hakunijua. Baba alijulikana mjini kwa jina la utani tu, Taratibu, kwa sababu kabla ya kubonyeza aliwaambia watu "taratibu, taratibu" mpaka wakasahau kwamba wanapigwa picha. Jina lililo kwenye cheti changu halikumshtua mtu.

Kisha ikaja barua kutoka makumbusho ya picha ya ng'ambo. Walikuwa wanafungua maonyesho na wakaukaribisha ujumbe wa chama. Kazi ya kuitafsiri ilikuwa yangu. Mhifadhi wao aliandika kwa fahari kwamba ile picha mashuhuri wameichapa upya kutoka kwenye filamu yake ya asili, nzima, ukingo na vyote, bila kukata kitu. Nilisoma sentensi hiyo mara nne. Halafu nikajibu kwa heshima zote, nikiomba kitu kimoja tu cha ziada kwenye ratiba: wazee wetu wapewe saa mbili katika chumba chao cha giza, wakumbuke ujana.

Siku tatu za kwanza tulitembea. Nilikuwa mkalimani, mpiga hesabu ya vichwa na mbeba dawa za presha. Tuliona jumba la wafalme wao wa kale, tukaona ukumbi wa vyungu, tukaona nyumba nzima ya michoro ya watu matajiri waliokufa. Humo ndani Mzee Pasipoti, aliyepiga picha za pasipoti kwa miaka arobaini, alipita kila mchoro akitoa hukumu.

"Kidevu juu mno. Huyu harudi kwao, uhamiaji wanamkatalia. Huyu sikio moja halionekani. Huyu anacheka! Nani alimruhusu?"

"Mwache marehemu acheke," alisema Mama Harusi, bibi mfupi aliyewapiga picha maharusi mpaka wajukuu zao. "Wewe nyumbani kwako hata paka hacheki."

Ningependa kuandika kwamba Mlezi alikuwa mtu mbaya. Hakuwa. Aliwashika mkono wazee kwenye ngazi. Siku ya pili, nilipotetemeka kwa baridi nje ya lile jumba, alivua koti lake akanivika. "Vaa, binti yangu. Mkalimani akipata mafua sote tumekuwa mabubu." Wote wakacheka. Nilimshukuru, nikalivaa, na ndani ya mfuko wake mkubwa nikaitia kamera ya baba. Nilijua ninachokifanya. Koti lile lilinipa joto, na kadiri nilivyopata joto ndivyo nilivyozidi kumchukia, maana nilimkumbuka baba kwenye benchi. Bila shaka siku ile pia mtu huyu alitabasamu hivi hivi.

Siku ya nne ilikuwa makumbusho ya picha.

Walikuwa wameitundika peke yake kwenye ukuta mzima. Yule mama na cherehani lake walikuwa wakubwa kuliko sisi. Kuizunguka picha kulikuwa na ukingo mweusi mpana, na pale chini, upande wa kulia, meno mawili meupe yaliuma ule weusi. Maisha yangu yote nilikuwa nimesadiki maneno ya mama. Sasa niliona kwa macho yangu.

Kando ya picha kulikuwa na kabati la kioo, na ndani yake kamera inayong'aa. Mhifadhi, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alieleza kwamba hiyo ndiyo kamera iliyopiga picha hii, zawadi ya Mlezi mwenyewe kwa makumbusho. Kisha akamwomba asimulie.

Mlezi alisimama mbele ya wageni. "Kamera hii nilipewa na baba yangu," alianza. "Siku ile niliingia majini peke yangu. Nikamwona yule mama anacheka, nikajua watu wetu hawazami. Kile ni kicheko cha matumaini. Usiku niliiosha filamu kwa mikono yangu, na picha ilipotokea kwenye maji, nililia."

Nilitafsiri neno kwa neno. Sikupunguza hata koma. Nilitaka kila neno lake liwekwe mezani, lihesabike.

Maana kicheko kile nakijua. Baba alikuwa amenasa mguu kwenye tope, kiatu kikabaki chini, naye akaketi majini puu, mkono mmoja juu akiokoa kamera. Yule mama akamwambia, "Baba, mimi nimebeba cherehani. Wewe umebeba nini?" Akacheka. Baba akabonyeza akiwa amekaa pale pale. Ndiyo maana katika picha mama yule anaonekana mrefu kama mnara.

Wageni walipiga makofi. Nami nikatoa kamera mfukoni.

"Wazee wangu," nilisema, "tupige picha moja ya pamoja hapa hapa. Kwa filamu, kama zamani."

Walifurahi kama watoto. Mlezi aliketi katikati, chini ya picha "yake". Aliitazama kamera, akasema, "Enhee, mashine ya kizamani hiyo! Umeiokota wapi?"

"Ya nyumbani, Mlezi."

"Inua kidevu!" Mzee Pasipoti alimfokea jirani yake.

Nilifumba jicho moja. Maneno yalinitoka yenyewe, kwa sauti ya mtu mwingine: "Taratibu... taratibu..."

Mama Harusi aliinua kichwa ghafla, akanitazama. Nikabonyeza.

Katika chumba cha giza, chini ya taa nyekundu, wazee walirudi kuwa vijana. Mama Harusi alikunja mikono ya blauzi, akachukua uongozi bila kuchaguliwa. Filamu ikaoshwa, ikasuuzwa, ikakaushwa kwa mashine ya kukaushia nywele. Mzee Pasipoti alikuwa akinusa kila chupa na kushusha pumzi kama aliyefika kwao. Mlezi alisimama karibu na mlango, mikono mfukoni.

Ilipofika zamu ya kuchapa, nikasema kwa sauti tamu kabisa, "Heshima hii ni ya Mlezi. Atuchapie yeye."

Makofi yakapigwa. Akakataa, wakasisitiza. "Usituvunjie safari, Mlezi!" Akasogea. Msaidizi wa makumbusho alikwishatega mashine ya kuchapia. Mlezi alibonyeza tu, taa ikawaka na kuzima, karatasi ikawa tayari. Mezani kulikuwa na sinia tatu zilizopangwa kwa zamu: ya kwanza, iliyo jirani na mashine, ni dawa ya kuitoa picha, ya kati ni ya kuisimamisha, ya mwisho ni ya kuikaza isifutike. Mtoto wa chumba cha giza anajua hivyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Mlezi alizunguka meza, akaitumbukiza karatasi kwenye sinia iliyokuwa jirani na tumbo lake. Ya mwisho.

Tukangoja. Karatasi ilikaa nyeupe. Akaitikisa. Nyeupe.

"Labda picha inaona haya," Mzee Pasipoti alisema.

Mama Harusi aliinama, akanusa. "Mlezi, umeanzia mwisho. Umeikaza kabla haijazaliwa. Hiyo haitatoka mpaka kiama."

"Vibandiko vyao vimeandikwa kwa lugha yao," Mlezi alisema, akicheka kidogo.

"Hata mimi lugha yao siijui. Pua haihitaji mkalimani."

"Miaka imepita, mama. Kazi hizi walinifanyia watu."

"Lakini ile ya mafuriko uliiosha kwa mikono yako. Umetuambia sasa hivi."

Nilisikia bomba likidondosha maji. Nilisikia pia raha ikinipanda kifuani, raha kali, na sitaidanganya karatasi hii kwamba niliona aibu.

Mama Harusi alichukua karatasi mpya, akachapa mwenyewe. "Uache ukingo wote, bibi," nilimwomba. Akaitia kwenye sinia ya kwanza. Kwanza vikatokea vivuli vya miguu, kisha tabasamu, kisha weusi wa ukingo ukakoza; na pale chini kulia, katikati ya weusi, yakabaki meno mawili meupe.

Hakuna aliyeuliza. Wapiga picha hawahitaji kuambiwa walichokiona. Mzee Pasipoti ndiye aliyefungua mlango baada ya picha kukazwa, na Mama Harusi akaibeba ingali mbichi kwenye sinia, maji yakimtiririka viwikoni, mpaka ukumbini. Akaiinua chini ya ile kubwa.

Mzee Pasipoti alitoa kioo chake cha kukuzia, akachungulia huku, akachungulia kule. Alichukua muda. "Meno ni yale yale," alisema. "La kushoto limepinda kidogo, hapa na hapa. Binti, hii kamera ni ya nani?"

"Ya baba yangu. Nyinyi mlimwita Taratibu."

"Nilijua!" Mama Harusi alipiga paja. "Nilijua sauti ile!"

Mlezi alikuwa amefika nyuma yetu. "Sikilizeni," alisema polepole. "Huenda siku ile niliiazima kamera yake. Tulikuwa tunaazimana."

"Taratibu akuazime kamera?" Mzee Pasipoti alimgeukia. "Mtu ambaye hata mwavuli alikuazima akiwa ameushika yeye?"

"Na hiyo je?" Mama Harusi alionyesha kabati la kioo kwa kidevu. "Kamera ya baba yako, uliyoingia nayo majini?"

Mhifadhi alikuwa akitutazama mmoja mmoja, miwani mkononi. Aliniuliza, "Kuna tatizo gani? Wanasema nini?"

Mlezi alinishika kiwiko. Aliinamisha kichwa kwenye sikio langu. "Binti yangu, usimtafsirie. Haya ni ya kwetu. Tutayamaliza nyumbani. Mama yako nitamtunza, nakuapia."

Nilimgeukia mhifadhi, nikamtafsiria yote. Mapengo mawili, tupa, mama yangu na kamba yake ya kuanikia, benchi la ofisini. Nilipofika mwisho nikaongeza: "Na sasa hivi Mlezi ameniomba nisikutafsirie, akasema haya tuyamalize nyumbani, na kwamba atamtunza mama yangu." Mkono wake ukaniachia kiwiko kama umeungua.

Mhifadhi alivaa glavu nyeupe, akafungua kabati kwa ufunguo, akaitoa ile kamera inayong'aa na kuifungua nyuma. Kidirisha chake kilikuwa kimenyooka pande zote nne kama rula. Kisha akanyoosha kiganja, nikampa ya baba. Akaifungua, akapitisha kidole juu ya yale mapengo mawili. Akaziweka kamera zote mbili pamoja juu ya kabati, zimefunguliwa, kila mtu aone.

"Mbio za sakafuni," alisema Mzee Pasipoti. Hakumalizia.

Mlezi aliketi kwenye benchi la wageni, katikati ya ukumbi. Lilikuwa benchi la mbao lisilo na mgongo. Nilimtazama nikawaza: kaa. Kaa hapo mpaka adhuhuri.

"Baba yako hakunishtaki," alisema.

"Ulimpa kitabu."

"Nilikiandikia kwa mkono wangu."

"Tunacho bado. Kiko chini ya mguu wa meza."

Macho yake yakajaa maji. Nilivua koti lake, nikamwekea mabegani. Halikuwa tendo la huruma. Sikutaka kuwa na kitu chake mwilini.

Mhifadhi alisema jambo hili litapelekwa kwenye kamati, litachukua wiki kadhaa, nasi tutaandikiwa. Nilitafsiri. Mama Harusi akauliza, "Kamati inakaa wapi?" Alipojibiwa kwamba haiko leo, aliketi sakafuni, miguu mbele, akaweka mkoba pajani. Mzee Pasipoti naye akashuka, magoti yakilia. Mmoja baada ya mwingine, wazee kumi na mmoja wakaketi chini ya yule mama wa cherehani. Dereva wa basi alikuja kuuliza, akarudi. Walinzi wakaja, wakakuna vichwa. Nani atamnyanyua bibi wa miaka sabini na minane? Saa ya kufunga ikafika, ikapita.

Mwishowe mhifadhi aliondoka. Aliporudi alikuwa na bisibisi. Alikifungua kile kibao cha chuma chenye jina la Mlezi chini ya picha, akakitia mfukoni. Akanipa karatasi na penseli.

"Andika jina la baba yako," alisema. "Lote, herufi kwa herufi. Nitalichapa kwa muda, niandike kwamba uchunguzi unaendelea na kwamba ushahidi ni kamera. Zaidi ya hapo leo siwezi."

Niliandika. Nikarudia mara mbili ili kila herufi isomeke. Baada ya robo saa kibao kilikuwa ukutani: jina la kwanza, la babu, la ukoo. Wazee walilisoma kwa sauti, wakilishangaa. Kumbe Taratibu aliitwa hivi. Nikapachika filamu mpya kwenye kamera, nikakipiga kile kibao mara moja, bila haraka.

Nilipohesabu vichwa kwenye basi walitimia kumi na wawili. Mlezi alikuwa kiti cha nyuma, peke yake. Hakuna aliyemtukana. Walikuwa wanazungumza juu ya baba yangu, na hilo lilimchoma kuliko tusi. Mzee Pasipoti alisema mkutano wa kwanza tukirudi utakuwa na ajenda moja tu.

Nilimpigia mama simu.

"Nimelipata," nilisema.

Akauliza: "Limeandikwa kwa kitu gani? Kama ni penseli, inafutika."

"Limechapwa, mama. Liko ukutani. Nimelipiga picha kwa kamera yake."

"Filamu usiioshe huko. Niletee hivyo hivyo, gizani. Nitaiosha mwenyewe."

Nilisikia akivuta kiti, akiketi kwenye meza ya jikoni. Sikujua kama analia, maana mama hulia kimya. Nikamuuliza, ili nimsikie tena, kama nikirudi tukitoe kile kitabu.

"Kwa nini?" mama alisema. "Mguu wa meza umerefuka?"